Kazi ya Kuanua

Alhamisi ya kabla ya Pasaka, mwaka mmoja wa mvua nyingi katikati ya miaka ya tisini, tulipoteza omena yote iliyokuwa imeanikwa juu ya nyavu pale ufuoni Usenge. Haikuibwa, wala ziwa halikuibeba. Ilinyeshewa sisi wenyewe tukiwa tumesimama kando yake, mchana kweupe, kila mmoja mahali pake, mikono ikiwa tayari.

Siku ya kumzika Mwenyekiti wetu hakuna aliyeitaja Alhamisi hiyo. Mchungaji alisema alikuwa mama wa bidii. Chifu alisema aliwainua wanawake wa ufuo. Yote hayo ni kweli. Lakini mimi nikimkumbuka huanza na nyavu zile zilizolowa, kwa sababu kabla ya siku hiyo nilikuwa namwogopa tu, na baada yake ndipo nilipoanza kumjua.

Jina lake tulilisikia mara chache. Tulimwita Mwenyekiti mkutanoni, tukamwita Mwenyekiti akiwa anachota maji, na hata mume wake, mzee mpole aliyekuwa akitengeneza mitumbwi, alizoea kutuambia, "Mwenyekiti hajarudi," kama anayemzungumzia mtu wa serikali. Alikuwa mrefu, mwembamba juu na mzito miguuni. Alivaa koti la kijivu la mwanamume hata jua likiwa kali, na mfukoni alikuwa na sindano ya magunia, kipande cha kamba na peremende ambazo hakumpa mtu. Kulikuwa na jiwe bapa karibu na njia ya kuingia ufuoni. Hapo ndipo alipokuwa akisimama. Ukiwa juu ya jiwe lile unaona nyavu zote, unaona mitumbwi, unaona maji hadi visiwani.

Omena ni samaki wadogo kama kidole cha mtoto. Wanaume huwavua kwa mwanga wa karabai usiku usio na mbalamwezi, na alfajiri mitumbwi hurudi. Hapo kazi inakuwa ya wanawake. Tunanunua, tunaanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, tunageuza, tunachambua mchanga na majani, tunatia kwenye magunia, tunashona, na gari la Kisumu linachukua. Zamani, wanasema, kila mwanamke alifanya yote hayo peke yake. Aligombania samaki kwenye mtumbwi, akakimbia kuanika, akarudi kugombana tena, na huku nyuma kuku na kunguru wanakula. Mwenyekiti alikuja akatazama vurugu hiyo msimu mzima bila kusema kitu, kisha akawauliza, "Mbona kila mmoja wenu hapa ni kampuni?"

Akawagawa. Wengine wakawa wa kununua tu, wale wenye sauti na viwiko. Wengine wa kuanika, wengine wa kuchambua, wengine wa magunia. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake. Aliyekuwa wa kuchambua hakusogea kwenye mitumbwi, hata kama ni kaka yake aliyerudi na mzigo mkubwa.

Mimi niliolewa Usenge nikitoka Ahero. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikujua lolote kuhusu samaki. Kwetu ni mpunga na mafuriko. Mama mkwe alinipeleka mbele ya jiwe lile na Mwenyekiti akanitazama mikono, si uso.

"Nyar Ahero," akasema, yaani binti wa Ahero, na jina hilo likanikaa mpaka leo. "Unajua nini?"

"Kushona magunia ya mchele, Mama."

"Basi umepata kazi. Usijaribu nyingine."

Nilishona magunia miaka mingi. Sikujaribu nyingine.

Alikuwa na swali moja ambalo sote tulilijua. Akikuta beseni limeachwa juani, hakuuliza ni nani aliyeliacha. Aliuliza, "Hii ni kazi ya nani?" Akikuta njia imejaa miba, swali ni hilo. Mtoto akilia, ni hilo. Kama kazi ilikuwa na mwenyewe, alimtafuta huyo na kumweleza. Kama haikuwa na mwenyewe, hakumkaripia mtu. Alimtazama aliye karibu na kumwambia, "Kuanzia leo ni yako," na kweli kuanzia siku hiyo miba ile ilikuwa yako mpaka mmoja wenu atangulie kufa.

Viongozi wa makundi hakuwapa watu wengi. Kiongozi wa kuanika, Min Ouma, mama yake Ouma, mwanamke mwenye sauti ya kufika kisiwani, aliomba siku moja aongezewe wanawake kwa kuwa kazi ni nyingi. Mwenyekiti akamwambia asimame katikati ya watu wake.

"Sasa angalia mbele. Unawaona wote bila kugeuza shingo?"

"Wale wa nyuma siwaoni, Mama."

"Basi hao tayari si wako. Nitawatafutia mtu mwingine."

Min Ouma alikuja kuomba watu, akarudi amepunguziwa. Tulicheka wiki nzima. Yeye mwenyewe alicheka, akasema afadhali angejiombea shingo ya korongo.

Jambo lililotusumbua zaidi ni kwamba hakumpita kiongozi wa mtu. Alisema mtu hawezi kusikiliza midomo miwili. Baadaye Min Ouma alipewa pia kusimamia magunia, kiongozi wetu alipohamia Katito, na hivyo akawa juu yangu. Nakumbuka mara nyingi nimekaa chini nashona, Mwenyekiti amekaa kwenye gunia lililojaa, magoti yake karibu yaguse bega langu. Anatazama mkono wangu. Kisha anainua sauti kumwita mtu aliye mbali, "Min Ouma! Mwambie Nyar Ahero mshono wake ni mrefu mno, omena itatoka barabarani!"

Na Min Ouma kutoka kwenye nyavu, "Nyar Ahero! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Amesikia, Mama!"

"Vizuri," anasema Mwenyekiti, hapo hapo sikioni mwangu, bila kunitazama.

Tulimwiga akiondoka. Lakini tulijua kwa nini. Wifi yake, dada wa mume, aliwahi kuja ufuoni akaanza kuwatuma wachambuzi huku na huku kwa sababu ya undugu. Mwenyekiti hakumfukuza. Alimkaribisha, akampa ungo, akamkalisha awe mchambuzi chini ya msichana mdogo kuliko wanawe. Wifi alivumilia mpaka mchana. Baada ya hapo alikuwa akija kutusalimu kutoka barabarani.

Hakuweza kuyaacha mambo haya ufuoni. Katika matanga ya jirani yetu mmoja, watu walijaa, kuni hakuna, maji hakuna, na kaka wa marehemu anapiga kelele akiamuru kila mtu kila kitu. Mwenyekiti alimshika mkono kwa heshima. "Baba, wageni wakubwa wanafika na hakuna mwenye nyumba wa kuwapokea. Hiyo kazi hatuwezi kumpa mtu mwingine." Akampeleka mpaka kwenye lango, akamtafutia kiti. Mzee akakaa hapo kutwa nzima akipokea wageni, ameridhika sana, na huku ndani ya boma sufuria zikaanza kuchemka.

Nyumbani kwake sasa. Nilishangaa mara ya kwanza nilipotumwa kumchukulia koti. Kuku walilala juu ya viti. Chumvi ilikuwa ndani ya kopo la chai na majani ya chai yalikuwa ndani ya mfuko uliofungwa kwenye baiskeli. Mume wake alijipikia uji akitafuta kijiko kila kona. Nilimuuliza, "Baba, hapa kazi ya kupanga vyombo ni ya nani?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, usiulize hilo swali hapa. Ukiuliza, itakuwa yangu."

Kwa hiyo aligawa kila kitu. Kitu kimoja tu hakugawa, nacho ndicho kilichokuwa kinatunyima raha.

Omena ikinyeshewa kabla ya kukauka imeharibika. Haiwezi tena kuwa chakula cha watu, inanunuliwa na watu wa chakula cha kuku, na hao wanajua kwamba huna pa kwenda. Lakini pia ukiianua mapema, ukaikunja ndani ya nyavu ikiwa bado mbichi, inapata joto, inalainika, inanuka. Kwa hiyo kila siku ya mawingu kuna saa moja ya kuamua: tuanue au tungoje? Na uamuzi huo ulikuwa wake peke yake. Alisimama juu ya jiwe, akanyamaza, akavuta hewa puani. Wingu la upande wa mlima wa Ramogi, nyuma yetu, lilinguruma sana na mara nyingi halikuja. Wingu la visiwani halikusema kitu na ndilo la kuogopa. Alijua pia upepo wa kugeuka, na rangi fulani ya maji ambayo mimi sikuwahi kuiona hata aliponionyesha.

Akisema "Anueni," wanawake wote waliruka. Kila mmoja alikuwa na wavu wake na pembe yake, na omena ilikuwa ndani ya banda kabla hujamaliza kufunga kanga. Asiposema, hakuna aliyegusa. Tulikula ugali wetu pale, tunatafuna bila kuonja, macho kwenye mgongo wa koti la kijivu. Nilijua namna mabega yake yanavyopanda akiwa na mashaka. Hata leo, nikiona mtu yeyote amepandisha mabega, mimi hutazama angani.

Bwana mmoja wa ushirika aliletwa kutoka Kisumu kutufundisha biashara. Kijana mwenye adabu. Alikuja na ubao na chaki, akatuuliza nani anafanya nini, akachora visanduku vilivyoungwa kwa mistari. Tulifurahi kujiona. Alisema mahali pengi alikopita kazi haijagawanywa vizuri hivi. Kisha akaweka chaki kwenye kisanduku cha juu kabisa.

"Mama, wewe ukiwa hauko, huku anakaa nani?"

"Mimi nitaenda wapi?"

"Hata safari ndogo tu. Hata msiba."

Min Ouma akasema, "Huyu akifa tutamzika hapo juu ya jiwe, aendelee kuangalia." Tukacheka sana. Bwana wa ushirika naye akacheka kidogo, lakini akarudia swali. Mwenyekiti hakucheka. Alimwambia, "Andika hapo: kazi ya kuanua ni ya Mwenyekiti." Akaandika. Kando yake akatia alama ya kuuliza, akatushukuru, akapanda gari. Nasema ukweli, sote tulimwona kijana asiyejua ziwa. Na ndiye aliyekuwa ameona.

Si kwamba hakuna aliyewahi kujaribu. Mwaka uliotangulia ile Alhamisi, Mwenyekiti alikuwa amechelewa mkutanoni kwa chifu na wingu likatoka Ramogi. Min Ouma akaita, "Anueni!" Tukaanua. Wingu likapita mbali, jua likarudi, na omena ilikuwa imekwisha kukunjwa mbichi na kurundikwa bandani. Mwenyekiti alipofika alifungua wavu mmoja, akaingiza mkono, akauacha humo muda mrefu. Ilikuwa ya moto. Sehemu kubwa iliharibika. Alimwondoa Min Ouma kwenye nyavu mwezi mzima, akampeleka kuchambua pamoja na wasichana. Na mbele ya wote akasema, "Wingu lina mdomo mmoja. Nani tena anataka kuwa mdomo?"

Hakuna aliyetaka.

Kisha miguu ya Mwenyekiti ikaanza kuvimba. Alikuwa na presha, na dawa alizimeza siku alizokumbuka. Wiki ile ya Pasaka alizidiwa, mwanawe akaja kumchukua wampime hospitali Kisumu. Aliondoka asubuhi akiwa amejaa maagizo. Nani apokee gari, nani azungumze na mnunuzi, nani akae na funguo za banda. Shule zilikuwa zifunguliwe baada ya sikukuu, na mzigo wa wiki hiyo ndio tuliokuwa tunautegemea kwa karo, na mnunuzi alikuwa amesema wazi kwamba akikosa kwetu safari hii atahamia ufuo mwingine. Mwenyekiti aliyakumbuka hayo yote. Gari lilipokuwa linaondoka alitoa kichwa dirishani akakumbusha hata kamba za magunia. Kuhusu wingu hakusema kitu, na hatukumuuliza. Nadhani kwake ilikuwa kama kuagiza nani avute pumzi zake akiwa hayupo.

Alhamisi jua lilitoka vizuri. Omena ilikuwa nyingi, nyavu zilijaa mpaka karibu na barabara. Mchana ulipokaribia, wingu likasimama visiwani. Halikunguruma.

Sote tuliliona. Niliacha sindano ndani ya gunia nikaenda kusimama kwenye pembe yangu ya wavu, kwa sababu mvua ikija hata washonaji walikuwa na pembe. Wengine wakaja. Hakuna aliyekimbia ovyo, hakuna aliyemkanyagia mwenzake samaki. Tuliinama, tukashika nyavu, tukangoja. Maji yakabadilika rangi, na safari hii hata mimi niliona.

"Min Ouma," mwanamke mmoja akasema polepole, "unaonaje?"

"Naona vile wewe unaona."

"Basi sema."

"Kazi ya kuanua si yangu. Niliambiwa mbele yenu."

"Sasa ni ya nani?"

Nilitazama jiwe. Nikageuka nikakuta wenzangu wote wanatazama jiwe. Upepo ukageuka, baridi, ukiwa na harufu ya vumbi lililolowa, na bado tulikuwa tumeinama tumeshika nyavu, kama watu waliopigwa picha. Tone la kwanza liliniangukia shingoni. Mtu fulani akaanza kulia kwa sauti ndogo lakini hakuachia pembe yake. Kisha mvua yote ikaja. Tulipoanza kukunja, bila neno la mtu, omena ilikuwa inaelea.

Mwenyekiti alirudi Jumamosi. Alikuwa amesikia tangu Bondo, njiani. Alishuka na koti lake, akiwa na kitambulisho cha hospitali bado kimefungwa mkononi, akapita katikati ya nyavu taratibu kwa ile miguu. Harufu ilikuwa kali. Nzi walipanda na kushuka alipopita. Alifika kwenye jiwe, hakulipanda.

"Kazi ya kuanua ilikuwa ya nani?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama alivyouliza siku zote, kuhusu mabeseni na miba. Tuliinamisha vichwa. Min Ouma ndiye aliyejibu, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikiwa ndogo.

"Yako, Mama."

Alikaa chini pale mchangani. Mimi nilifikiri ni presha nikakimbilia maji. Aliyachukua, akanywa, akanirudishia kikombe akasema "Asante, Nyar Ahero," mwenyewe, bila kumpitia mtu. Hilo lilinitisha kuliko kelele yoyote.

Tulikaa bila kumwona ufuoni mpaka mbalamwezi ikapita. Mnunuzi alihama kama alivyosema. Wanawake wengine walirudi kujifanyia wenyewe, na tukaanza kusikia tena ugomvi kwenye mitumbwi. Kila jioni niliogopa kwamba kesho nitakuta magunia yamegawanywa na kila mtu ni kampuni tena. Kisha asubuhi moja alikuja, akatukusanya, akasema maneno machache.

"Kuanzia leo wingu ni la Min Ouma. Akikosea, amekosea akiwa kazini. Hataondolewa."

Min Ouma alimtazama. "Na wewe utafanya nini, Mama?"

"Nitachambua."

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka. Alikuja kweli na ungo wake, akakaa na wachambuzi. Lakini wingu likitokea alikohoa. Au aliacha kuchambua. Au mabega yalipanda. Na sisi sote, badala ya kumtazama Min Ouma juu ya jiwe, tulitazama koti. Min Ouma akisema tungoje, nusu ya wanawake tayari wameshika nyavu kwa sababu Mwenyekiti amepiga chafya. Siku moja Min Ouma alishuka jiweni akamwendea, akapiga magoti kwa heshima, lakini maneno yake tuliyasikia.

"Mama, watu hawawezi kusikiliza midomo miwili."

"Mimi sijasema kitu."

"Kikohozi chako kinasema. Koti lako linasema."

Nilijua sasa ataondolewa. Mwenyekiti alipepeta ungo wake kidogo, akapuliza mchanga. Kesho yake aliacha koti nyumbani. Alikuja amevaa kitenge na sweta kama sisi, akageuza kigoda chake kikaelekea barabarani, akakaa amelipa ziwa mgongo. Alikaa hivyo misimu iliyobaki. Wingu likija, niliona shingo yake ikikaza, mshipa umesimama, ukucha wake unakwaruza ungo pasipo na samaki. Hakugeuka. Min Ouma alikosea mara kadhaa, na mara zote mbili tatu nilizoziona mimi, Mwenyekiti aliuma midomo akaendelea kuchambua. Lakini mara nyingi zaidi Min Ouma alipatia, na kidogo kidogo wanawake waliokuwa wametoka walirudi.

Miguu ilimshinda mwishoni. Mume wake alikuwa amefariki, na mwanawe akamhamishia kwake Kisumu, Nyalenda. Wakati huo gugu maji lilikuwa limeanza kufunga ziwa, siku nyingine mitumbwi haikuweza hata kutoka, na kikundi kikaamua tuwe na mtu wetu mwenyewe sokoni Kisumu asiwe dalali wa mtu mwingine. Min Ouma ndiye aliyefaa, kwa ile sauti. Kabla ya kuondoka alinikuta nikishona.

"Nyar Ahero, wingu sasa ni lako. Nimezungumza na viongozi."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia mimi ni wa magunia, niliambiwa nisijaribu nyingine. Nilimwambia nimekulia Ahero, nimeona mto ukiingia ndani ya nyumba, na mimi nikiona wingu hofu inanishika, kila wingu kwangu ni mvua. Nitawaanulisha watu kila siku mpaka omena yote iozee ndani.

"Hayo mwambie Mwenyekiti," akasema. "Akikubali, nitatafuta mwingine."

Kwa hiyo nilienda Kisumu na gari la mzigo, na gunia dogo la omena kama zawadi, nikiwa nimepanga maneno yangu njia nzima.

Nilimkuta amekaa uani, kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amepungua sana. Alifurahi, akaniuliza habari za kila mtu kwa kazi zake: wa mitumbwi, wa ungo, wa banda. Alifungua gunia, akaingiza mkono kama zamani, akanitazama.

"Imepata unyevu njiani."

"Ndiyo, Mama. Turubai la gari limetoboka."

"Kuna wavu nyuma ya mlango. Tuanike."

Nilitandaza wavu pale uani, nikamwaga omena, nikasambaza. Yeye alinyoosha mkono kutoka kitini akasambaza alipofikia. Watoto wa jirani waliziba pua wakacheka. Nilianza kumweleza habari ya Min Ouma na wingu. Alinisikiliza mpaka mwisho, sababu zote, hata mto wa kwetu. Na nikiwa bado namsubiri ajibu, kivuli kikaingia uani.

Wingu lilikuwa upande wa milima ya Nandi, jeusi chini, na lilinguruma.

Nilimtazama. Nilitazama mabega yake, kwa mazoea. Hayakupanda. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mama, hili linakuja?"

"Mawingu ya huku siyajui. Mimi nayajua ya visiwani."

"Tufanye nini?"

"Hii ni kazi ya nani?"

Upepo ulitikisa nguo kwenye kamba. Nilifikiria kusema ni ya mwenye nyumba, ni ya mkwe wake aliyeenda sokoni. Kisha nikaona mkono wake tayari umeshika mkono wa kiti, na nikaelewa kwamba hatasema, hata omena yote ielee mbele yake.

"Anua," nikasema. Sauti ilitoka vibaya.

Aliinuka. Alichukua muda, akashika ukuta, akateremka mpaka akafika kwenye pembe ya wavu, na akakunja upande wake kama mwanamke yeyote wa kundi. Tuliingiza omena ndani, tukaiweka sakafuni, tukasimama mlangoni tukipumua.

Haikunyesha. Wingu lilisogea kuelekea Ahero, na baada ya muda mfupi jua likarudi uani kali kama mwanzo. Watoto wa jirani walitoka tena. Nilikumbuka wavu ule wa moto, na Min Ouma akipelekwa kuchambua na wasichana. Nilingoja aseme.

Mwenyekiti alitazama jua, akaingiza mkono ndani ya omena, akautoa. Kisha akainama tena, polepole, akashika pembe yake ya wavu, akainua macho, akaningojea mimi niseme.

"Tuanike," nikasema.

Tukaanika.